Kiti Chini ya Picha ya Tipene

Hokianga, 3 Mei 2016

Mwanangu Paora,

Salamu, na natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na mkeo na huyo mjukuu wangu ambaye hata sauti yake siijui. Huku hatujambo kiasi. Mvua haijakatika tangu Pasaka, barabara ya kwetu imebomoka tena pale pale, na dada yako Wikitoria ananisimamia nikila kama vile mimi ni mmoja wa watoto wake wa darasa la pili.

Najua umeuona mwandiko ukashtuka. Miaka kumi na moja si mchezo. Lakini sikuandikii ili tuyafukue yale. Nina swali, na katika ukoo wote huu mwenye jibu ni wewe tu.

Nataka kupigwa picha. Daktari anasema figo zangu zimechoka. Mashine ya kusafisha damu iko Whangārei, kwenda mara tatu kwa wiki, masaa mawili barabarani kila safari. Nimemwambia ahsante sana, abaki nayo. Kwa hiyo siku zenyewe si nyingi. Sasa nikiondoka, pale marae, uwanjani kwa ukoo, ndani ya nyumba ya mababu, watanitundika kwa picha gani? Niliyo nayo ni moja tu, ya kitambulisho cha wazee, na humo nimetoka kama mwizi wa kuku aliyekamatwa na kuku bado yuko kwapani. Sitaki kuwatazama vilembwe wangu kwa sura ile.

Wikitoria ameazima kamera ya shule. Nataka nipigwe mle mle ndani, ukuta wa nyuma, ambako unajua mwenyewe mwanga ukifika umeshachoka. Tumejaribu mara tatu. Mara ya kwanza, giza tupu. Mara ya pili nimetikisika kama niliyekuwa nacheza ngoma. Mara ya tatu akawasha flashi bila kuniuliza, na vioo vya picha zote za wazee vikaturudishia ule moto usoni. Nikamwambia azime upesi. Mtu hawapigi wenziwe radi za uso, tena nyumbani kwao.

Muuza kamera mmoja mjini anasema ubaya uko kwenye lenzi. Anataka kutuuzia moja nene kama chupa ya maziwa, dola elfu mbili. Simwamini, ana meno mengi mno. Niambie wewe: lenzi gani huona gizani bila kumulika watu?

Ni mimi mama yako,
Te Paea

Kalgoorlie, 15 Mei 2016

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliikuta nilipotoka zamu. Nilikaa nayo ndani ya gari mpaka yule tunayepokezana akaja kunigongea kioo. Habari ya figo imenivunja nguvu na sijui niiandikeje, kwa hiyo nakuambia tu hivyo, imenivunja nguvu.

Mimi ni mzima. Bado naendesha malori ya mgodini. Mke wangu tuliachana mwaka juzi; ungejuaje? Binti yetu Marama ana miaka tisa, anakaa na mama yake Perth, na nikipata likizo huwa nakwenda. Ana mdomo kama wako.

Swali lako. Yule muuzaji akupishe. Hiyo chupa ya maziwa ni ya kuvuta mbali, ya watu wa mpira wa raga, na humo ndani haitawasaidia. Lenzi ina tundu kama mboni ya jicho. Tazameni namba iliyoandikwa mbele: namba ikiwa ndogo, tundu linafunguka zaidi na mwanga mwingi unaingia. Ya shule itakuwa inaanzia tatu na nusu kwenda juu. Hiyo gizani ni kipofu. Mnataka moja nukta nane.

Kuna mbili za namba hiyo. Moja ni ya hamsini, bei poa, inaona kama jicho la mtu. Nyingine ni ya themanini na tano, na hiyo ndiyo nataka wewe upigwe nayo. Kivuteni kiti mbele, hatua tatu kutoka ukutani. Wikitoria arudi hatua sita, afungue tundu lote, alenge jicho lako lililo karibu zaidi na dirisha. Utatoka wewe peke yako, kila kunyanzi mahali pake. Walio ukutani watayeyuka nyuma yako, hataonekana mtu.

Unajua kwa nini nasisitiza hilo. Msinunue kitu, nitaituma mimi.

Mwanao,
Paora

Hokianga, 29 Mei 2016

Mwanangu Paora,

Nimefurahi kwamba uko hai na umesikika. Kwa mkeo nasema pole. Huyo mwenye mdomo kama wangu mbusu, na mwambie asiupunguze. Mimi nilikuwa na homa wiki nzima, sasa nimepata nafuu, nimekula kome bakuli mbili Wikitoria alipogeuza mgongo.

Lakini nani kakuambia nataka watu wayeyushwe? Nimesoma hapo nikaiweka barua chini. Mimi nataka kukaa chini ya picha ya Tipene, mgongo ukutani, na nataka aonekane.

Najua utakavyosema, maana ni maneno yangu mwenyewe. Nimewafundisha tangu mnatambaa kwamba picha ya aliye hai haikai na za waliokufa, na kwamba aliye hai hapigwi picha pamoja nao, kwa sababu ni kumwitia kifo. Nimewachapa kwa hilo. Na ulipompiga picha mdogo wako Tipene pale ukutani, anacheka, kichwa chake kiko chini kabisa ya baba yako na babu yako, wote watatu wanaonekana wazi kama waliopanga foleni, halafu baada ya siku arobaini na moja bahari ikamchukua, nilisimama langoni siku ya maziko nikakuambia, mbele ya watu, "Umemwandikisha mdogo wako kwa wafu." Nilikunyang'anya lenzi mkononi. Wewe ukaondoka na kamera isiyo na jicho.

Sasa nikuambie kitu. Sikuitupa mtoni kama nilivyowaambia watu. Iko kwenye sanduku langu la nguo, nimeifunga kwa soksi ya Tipene. Wikitoria ameisoma: thelathini na tano, na namba ndogo ni moja nukta nne. Kwa hesabu zako wewe mwenyewe, moja nukta nne inaona gizani kuliko moja nukta nane. Inaingia vizuri kwenye kamera ya shule, tumejaribu. Basi inafaa au haifai?

Mama yako,
Te Paea

Kalgoorlie, 10 Juni 2016

Mama,

Shikamoo. Natumai homa haijarudi.

Haifai.

Inaona gizani kuliko lenzi yoyote niliyowahi kushika, hilo ni kweli. Niliinunua kwa mshahara wa msimu mzima wa kuchuma matunda, na sijapata nyingine kama ile. Lakini ni pana. Ukikaa mgongo ukutani itakuchukua wewe, na Tipene, na Baba, na Babu, na mashangazi wote, na itawaleta wote mbele pamoja. Unaniomba nikuandikishe na wewe. Sitaki. Nimebeba roho moja na imenitosha.

Isitoshe, imekaa miaka kumi na moja kwenye unyevu wa huko, ndani ya soksi! Mwambie Wikitoria aielekeze dirishani atazame ndani. Akiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, imeshaota kwenye kioo. Ile ya themanini na tano nimeshaipeleka posta.

Na kwa kuwa tumeanza, nimalize. Watu wote walidhani nilisahau mwiko. Hata wewe langoni ulisema, "Utamsahauje baba yako yuko ukutani?" Sikusahau. Niliangalia kwenye tundu la kamera nikawaona wote watatu, taya moja, jinsi moja ya kucheka, na Tipene akaniambia, "Piga basi, Paora, shingo inaniuma." Nilijua. Nikaona ni picha nzuri kuliko zote nitakazopiga maishani, nikabonyeza. Tangu siku ile sijapiga picha ya mtu. Hata Marama alipozaliwa, picha zake alipiga nesi.

Mwanao,
Paora

Hokianga, 10 Julai 2016

Mwanangu,

Natumai u mzima na baridi ya asubuhi huko jangwani haikusumbui. Mimi miguu imevimba, viatu havinitoshi, navaa vya marehemu baba yako. Utaona na mwandiko umeanza kutambaa. Vumilia.

Kifurushi kimefika. Lenzi yako nzuri ni nzuri kweli. Tulifanya kila kitu ulichosema, hatua tatu, hatua sita, jicho la dirishani. Nimetoka kama mke wa waziri. Wikitoria alilia. Lakini nimekaa wapi? Nyuma yangu ni ukungu tu, kahawia na kahawia. Ningeweza kuwa nimekaa kituo cha basi. Na ile ya zamani, ndiyo, ina nyuzi, kama nywele za mtoto mchanga, pembeni pembeni.

Wewe umemaliza la kwako, ngoja na mimi nimalize langu, nikishindwa leo sitaweza tena.

Picha ya Tipene iliyoko ukutani ni ile ile yako. Hatukuwa na nyingine anayocheka. Niliikata kwa mkasi wa jikoni, nikamwondoa baba yako na babu yako, akabaki peke yake. Kwa miaka kumi na moja namtazama mwanangu kwa jicho lako, na kila nikimtazama najua nimekudhulumu.

Unakumbuka wageni waliokuwa wanakuja wiki ile Tipene alipozama, watu mia mbili, kufungua ukumbi mpya wa kulia chakula? Wewe ulikuwa umeshakwenda Auckland. Nilikuwa nimeshawaandalia nguruwe na viazi vitamu, lakini cha baharini hakikuwepo. Sisi, watu wa maji haya, tuwakaribishe wageni kwa kuku wa dukani! Nilikuwa silali kwa aibu ambayo hata haijatokea. Asubuhi ile Tipene alisimama mlango wa jikoni akaniambia, "Mama, nimetoka kule, mawimbi yanajikunja mlangoni mwa bahari, tuwape tu kilichopo." Nikamwambia, "Baba yako nisingemwambia mara mbili aingie majini."

Hayo tu. Akavaa koti akarudi baharini. Hakukuwa na mtu mwingine jikoni.

Picha haikumuua, Paora. Nilimtuma mimi. Pale langoni nilikuona umeishika ile kamera, nikapata mahali pa kuutua mzigo wangu. Ukaubeba ukaenda nao nchi nyingine, na mimi nikakuacha uende. Sina neno la kupunguza ubaya wa hilo.

Kwa hiyo naomba uje wewe mwenyewe unipige, kwa lenzi ile ile, mgongo ukutani, chini ya Tipene, tuonekane wote. Kama picha inaua, mimi niko njiani tayari, haitanipunguzia kitu. Kama haiui, basi watu waone, na wewe uone.

Mama yako

Kalgoorlie, 1 Agosti 2016

Mama,

Sijui nianze na salamu ipi. Natumai miguu imepungua uvimbe.

Miaka kumi na moja, Mama. Mazishi ya shangazi Mereana sikuja. Harusi ya Wikitoria sikuja, na alipoachika sikuja pia. Nilikuwa naamka kwenye vibanda vya mgodini nahesabu: kama ningesogea hatua moja kushoto, Baba angetoka kwenye picha, na Tipene angekuwa na watoto leo. Mke wangu alichoka kuishi na mtu anayehesabu. Na wewe ulikuwa na jibu, umekaa nalo jikoni.

Nimekasirika. Nimeandika barua nne kabla ya hii nikachana. Siwezi kusema nitakuja. Nikisema sasa nitakuwa nakudanganya.

Mwambie Wikitoria akupige yeye. Lenzi ya zamani asiifungue yote, afike namba mbili, kuvu haitaonekana sana. Hailengi yenyewe, inabidi azungushe kwa mkono taratibu mpaka kope zako zionekane moja moja. Asimame kwenye nguzo ya pili, bega aliegemeze hapo, atoe pumzi ndipo abonyeze. Dirisha liwe kushoto kwake. Mimi ningesimama hapo.

Paora

Hokianga, 9 Agosti 2016

Mwanangu,

Hujambo? Umekasirika vizuri. Ungeniandikia kwa upole ningejua hujanielewa.

Wikitoria hatanipiga. Nimemwambia maelekezo yako ni ya mtu mwingine. Jumapili saa kumi jioni, ibada ikishakwisha na watu wamekwenda, jua likiteremka huingia mlangoni likafika mpaka ukuta wa nyuma, kidogo tu, kama nusu saa. Jumapili iliyopita nilikaa hapo. Jumapili ijayo nitakaa. Sikusukumi, baba. Nakwambia tu ninapokuwa.

Mama

Hokianga, 4 Septemba 2016

Mama,

Shikamoo. Huku kwetu tunazungumza na maiti kama tunavyozungumza na mtu, na siku tatu za msiba wako watu wote walikusemesha: walikusifu, walikugombeza, mjomba Hōne alikudai sufuria yake. Mimi nilisimama mara mbili nikakaa mara mbili. Kwa hiyo naandika, tumeshazoea hivi.

Tiketi nilinunua mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya tarehe kumi na nane Agosti. Nilifika uwanja wa ndege, nikakaa, ndege ikaondoka nikiiona. Hasira, hofu, sijui. Ya pili ilikuwa ya tarehe ishirini na tano. Wikitoria alinipigia simu tarehe ishirini na nne. Nilipoingia langoni ulikuwa umeshalazwa, umevaa shingoni lile jiwe lako la kijani, na mashangazi wamekuzunguka. Nilichelewa siku mbili kwa sababu nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikitazama ndege. Hilo ni langu, na sitalitua kwa mtu mwingine.

Dada ameniambia ulikaa Jumapili tatu. Ya tatu walikubeba. Ulimfukuza aliyetaka kukuletea blanketi, ukamwambia linaharibu picha. Hukukubali kuondoka mpaka giza likaingia.

Wageni wameondoka, magodoro yamerudishwa stoo. Leo ni Jumapili. Saa kumi nimeingia na Wikitoria. Nimeifungua ile soksi. Nyuzi zimefika mbali kuliko alivyokueleza, karibu katikati. Nikaifunga kwenye kamera ya shule, nikamwonyesha nguzo ya pili, nikamwonyesha jinsi ya kuzungusha. Halafu nikakisogeza kiti chako mpaka mgongo ukagusa ukuta, nikakaa mimi.

Alikataa. "Una wazimu? Una mtoto wewe!" Alilia, akaiweka kamera sakafuni, akatoka nje. Nilibaki peke yangu chini ya Tipene, na juu yake Baba, na juu yake Babu. Niliogopa, Mama, sitakudanganya. Hasira bado ipo pia. Nimekusamehe, si yote, lakini ya kutosha kukaa pale.

Akarudi, macho mekundu. Akasema, "Nifungue tundu ngapi?" Nikamwambia lote. Akaegemea nguzo, akatoa pumzi, akabonyeza.

Tumeitazama pamoja mlangoni. Kuvu imeutawanya mwanga, kila kioo cha picha kina duara jeupe pembeni, na kahawia yote ya mle ndani imekuwa kama asali. Lakini sura zimetoka. Tipene anacheka, Baba anacheka. Mimi sikujua kama na mimi nimecheka, ila taya ni ile ile.

Wewe utatundikwa mwakani, siku ya kufunua jiwe la kaburi lako, kwa ile picha ya mke wa waziri, na nimechagua msumari ulio karibu kabisa na Tipene, usiwe peke yako kwenye ukungu. Barua hii naiweka nyuma ya fremu yako. Krismasi namleta Marama, aje akuone.

Hii ya kwangu haitundikwi sasa popote. Nimempa Wikitoria aiweke kwenye sanduku lako, pale pale ilipokaa lenzi. Nimemwambia siku yangu ikifika asihangaike kutafuta nyingine, atundike hiyo hiyo, nzima, asiikate kwa mkasi.

Mwanao,
Paora